Pongezi kwa Fundi wa Steshenari

Aliyeandika husifiwa na aliyesoma husifiwa. Anayezifunga kurasa zisitawanyike hatajwi. Leo zamu ni yake.

Mtazame na mashine yake ya kufungia kwa utepe mezani. Hugongagonga karatasi mpaka kingo zilingane, kisha huzitoboa kidogo kidogo, maana rundo nene hukwamisha mashine. Utepe wa plastiki wenye vijiti hupenya matunduni, na utepe mwenzake huvipokea upande wa pili. Mashine hukandamiza, hukata vijiti vilivyozidi na kuyeyusha ncha zake kwa joto. Kazi imekwisha.

Ripoti iliyofungwa kwa springi ya plastiki hulala vizuri ikifunguliwa, lakini ukurasa wake waweza kuchomolewa na mwingine kupachikwa. Ya utepe haifumuki hadi utepe ukatwe, na aliyeukata huacha ushahidi. Ndiyo maana yafaa kwa mikataba na zabuni.

Hata hivyo, mashine haina macho. Ni fundi anayegundua kwamba ukurasa wa 14 umepinduka, saa moja kabla ya tasnifu kukabidhiwa. Ukimlipa, usisahau kumwambia ahsante.