Kuchanganyika Si Kuzama

Wafasiri wetu wa mashairi ya Kiingereza wana kitenzi kimoja wanachokitegemea kupita kiasi, nacho ni kuchanganya. Mito miwili ikikutana, huchanganyika. Roho za wapenzi zikishikana, huchanganyika. Rangi za machweo, sauti za waimbaji, damu za watu wa mbali, zote hutiwa chungu kimoja zikakorogwa. Kitenzi chenyewe hakina ila. Ila ni kuwa Kiingereza kina maneno mengi kwa jambo hili, na kila moja hujibu swali ambalo kuchanganya hulikwepa: viwili vikishakutana, kipi kimesalia?

Tulitazame neno “merge”, ambalo leo ni la mabenki na makampuni. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutosa majini. Wanasheria wa Kiingereza walilitumia kwa haki ndogo ya ardhi inayomezwa na haki kubwa, zote mbili zinapoangukia mkononi mwa mtu mmoja. Ndani ya neno hili, basi, yupo aliyezama na yupo aliyebaki juu ya maji. “Fuse” latokana na kumimina. Hubeba joto la tanuri, na humo hakuna kinachotoka na umbo lake la awali. “Mingle” lina udugu na neno la Kiingereza la “miongoni”, nalo ni la watu harusini: huingiliana, wakala, wakacheka, kisha kila mmoja akarudi kwao na jina lake. “Meld” lilizuka Marekani katika karne ya 20, na hudhaniwa kuwa limeundwa kwa maneno mawili, la kuyeyuka na la kuchomelea vyuma, yaani neno lenyewe limefanya kile linachokitaja. (Wageni huuita urojo wetu “Zanzibar mix”. Lakini ndani ya bakuli bajia ni bajia na kachori ni kachori. Kilichoenea kote ni mchuzi tu.)

Aliyelielewa vizuri zaidi swali la nani anasalia ni John Donne. Katika shairi lake “The Ecstasy”, lililochapishwa mwaka 1633, miaka miwili baada ya kufa kwake, wapenzi wawili wamekaa wakitazamana, na roho zao zimetoka nje ya miili zikawa zinanong’onezana. Donne hakutosheka na vitenzi vya lugha yake. Alichukua kiambishi cha Kilatini chenye maana ya “baina” akakibandika kwenye vitenzi visivyokizoea, ili mikono ipandikizane na roho zihuishane. Tazama, msomaji: alichokitafuta Donne kwa kiraka, sisi tunacho katika mnyambuliko. Kupandikizana, kuhuishana, kufungamana, kushikamana: ile -ana yetu hutaka wawe wawili, na huwabakisha wawili. Mfasiri akiandika hapo kuwa roho za wapenzi “zilichanganyika”, huwa ameacha almasi iliyomo nyumbani mwake akaenda kuazima kioo.

Lakini -ana nayo yaweza kudanganya. Magazeti yetu yakitangaza kuwa benki mbili “zimeungana”, kiambishi hicho humpa heshima sawa aliyemeza na aliyemezwa. Kiingereza hapo ni katili, lakini ni kikweli zaidi.

Haya yangebaki kuwa mambo ya wafasiri lau sisi wenyewe tusingeandikwa kwa maneno hayohayo. Vitabu vingi vya Kiingereza, hasa vile vya watalii, hukiita Kiswahili “blend” ya Kiarabu na Kibantu. Hilo ni neno la wauza chai: majani ya huku na ya kule, kwa vipimo, mpaka itoke ladha moja isiyo na mwenyewe. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985 juu ya historia ya Waswahili na lugha yao, walieleza kwa ushahidi kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Ushahidi mwingine tunao midomoni. Neno “kitabu” lilikuja na mzizi wa Kiarabu ambamo sauti ya “k” ni sehemu ya mzizi wenyewe. Waswahili wakaisikia “ki” ya ngeli, wakasema “vitabu”. Hapo hakuna kilichokorogwa wala kilichozama. Mgeni amepewa kanzu ya wenyeji na inamkaa.

Kama ni lazima Kiingereza kitupe neno, ningechukua lile la Donne, la kupandikiza: tawi lililotoka mbali hunywa kwa mizizi ya mti ulioko, na bado huzaa tunda lake. Hata hivyo, nalo lina mpaka wake. Mti hauulizwi na mkulima, ilhali wasemaji wa pwani walichagua, tena kwa namna ambayo hakuna kanuni inayoieleza kikamilifu. Katika kuhesabu walitwaa sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, wakaiacha nane ya Kibantu papo hapo katikati yao.