Muungwana Maana Yake Nini? Vitabu Vitatu vya Picha katika Shule ya Jumapili

Mgeni aliyesali nasi kwa miezi michache aliporudi kwao alituachia vitu kadhaa, na miongoni mwake vitabu vitatu vya picha kwa ajili ya shule ya Jumapili. Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza na vyote vinahusu uhuru na haki za binadamu. Tumevisoma na watoto kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mimi natafsiri kwa mdomo huku nikigeuza kurasa, na watoto wanabishania picha. Wazazi wameniuliza kipi kinafaa zaidi. Jibu langu limebadilika tangu tuanze, na kilichonibadilisha ni swali la mtoto mmoja.

Kitabu cha kwanza kinaitwa We Are All Born Free. Shirika la Amnesty International lilikitoa mwaka 2008, miaka 60 baada ya Umoja wa Mataifa kupitisha Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu tarehe 10 Desemba 1948. Vifungu vyote 30 vimefupishwa kwa maneno mepesi, na vimegawiwa wachoraji wa nchi mbalimbali, kila mmoja na mtindo wake. Ni kitabu cha kupendeza mkononi, na watoto walikipekua kama mama anavyopekua vitenge dukani: hiki kizuri, hiki hapana, tuone kingine. Hapo ndipo penye udhaifu wake. Haki zimo zote, lakini mtu hayumo. Tunaambiwa kwamba hakuna ruhusa ya kumfanya mtu mtumwa, tunatazama picha, tunageuza ukurasa, na bado hatujamjua mtumwa hata mmoja kwa jina. Tulipofika kifungu cha mwisho, kinachosema hakuna awezaye kutuondolea haki hizi, mvulana wa miaka tisa alicheka kwa sauti. "Mwalimu, mbona pikipiki ya baba wameichukua?" Sikuwa na jibu, na kitabu hakikunisaidia.

Maandiko yenyewe hayafundishi kwa mpangilio huo. Amri Kumi ziko katika sura ya 20 ya kitabu cha Kutoka. Kabla ya kuzifikia, msomaji amekwisha kupita kwa wakunga waliokataa kuua, kwa mtoto ndani ya kisafina, kwa matofali yasiyo na majani, na kwenye bahari. Sheria inapotamkwa, wanaoisikia wanajua imetoka wapi na inamzuia nani. Sisemi kitabu cha Amnesty hakina kazi. Mtoto akishajua hadithi, kinampa jina la kile alichokiona. Kisomwe mwisho, si mwanzo.

Kuna jambo jingine lililonisumbua katika kutafsiri. Kiswahili chetu kina neno moja tu, haki, kwa mambo ambayo Kiingereza kinayatenga. Haki ni kile ninachostahili kupewa, haki ni hukumu iliyo sawa, na katika Biblia yetu haki ni uadilifu mbele za Mungu, ile inayotajwa katika Mathayo 5 pamoja na njaa na kiu. Mwanzoni niliona ni upungufu wa lugha, nikawa nahangaika kueleza. Sasa naona ni hazina. Mtoto wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba haki za binadamu zina uhusiano na imani, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha kumwambia.

Kitabu cha pili ndicho nilichokipenda upesi. Ni Desmond and the Very Mean Word, cha Askofu Mkuu Desmond Tutu akishirikiana na Douglas Carlton Abrams, picha zikiwa za A. G. Ford. Kilitoka mwaka 2012, na kimetokana na tukio la utotoni mwa Tutu mwenyewe. Desmond ana baiskeli mpya na anaionea fahari. Njiani wavulana Wazungu wanamtupia neno baya. Neno hilo linamkaa moyoni, siku nyingine analipiza kwa neno baya lake, kisha anagundua kwamba kulipiza hakukumpa raha. Padre Trevor anamfundisha kusamehe, na hadithi inakwisha kwa upatanisho mdogo wa watoto wawili.

Nyuso alizochora Ford zinasomeka hata kwa mtoto asiyejua herufi moja ya Kiingereza. Na waandishi wamefanya jambo la busara sana: neno baya lenyewe hawakulitaja popote. Darasani kwangu palikuwa kimya, kila mtoto akiliweka neno lake pale palipoachwa wazi. Sikuwauliza ni maneno gani. Nilikisifu kitabu hiki mbele ya wazazi, na wazazi walifurahi, kwa sababu kinafundisha kile tunachopenda watoto wetu wafundishwe: usitukane, usilipize, omba radhi, samehe.

Kisha binti mmoja wa darasa la wakubwa akanyoosha mkono. Nilimjua. Ni dada wa kazi katika nyumba ya waumini wenzetu, na kwa kimo na sura hakufika miaka 14, ambayo ndiyo umri wa chini wa kuajiriwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Akauliza, "Mwalimu, na anayetukanwa kila siku, anasamehe kila siku?"

Nilimjibu kwa Mathayo 18, sabini mara saba. Akasema, "Haya, mwalimu," akaketi. Nimefundisha watoto miaka kumi na mbili. Najua "haya" ya mtoto aliyeelewa, na najua "haya" ya mtoto anayemwachia mkubwa maneno yake.

Niliporudi nyumbani nilikisoma kitabu upya, safari hii kwa macho ya yule binti. Nikaona kwamba ubaya wote ndani yake unakaa kati ya wavulana barabarani. Hakuna serikali, hakuna sheria, hakuna shule wala kazi iliyotengwa kwa rangi. Neno baya linaonekana kama limetoka katika tabia mbaya ya mtoto fulani, ilhali Afrika Kusini ya wakati ule neno hilo lilikuwa limejengewa nchi nzima. Isitoshe, ukihesabu nani anamwomba radhi nani, unakuta aliyetukanwa kwanza ndiye anayetangulia kusema samahani. Kwa mtu mzima anayemjua Tutu hilo ni ukuu wa moyo. Kwa mtoto ambaye kazi yake ni kuomba radhi asubuhi hadi jioni, ni agizo jingine tu.

Kinachoniuma zaidi ni Padre Trevor. Kitabuni ni mzee mpole wa kutoa nasaha. Padre Trevor Huddleston wa kweli alifika Sophiatown, Johannesburg, mwaka 1943. Wakazi wa Sophiatown walipoanza kuhamishwa kwa nguvu mwaka 1955, alisimama upande wao. Alipinga sheria ya elimu ya kibaguzi, na shule ya shirika lake ikafungwa kuliko kuikabidhi kwa mfumo huo. Mwaka 1956 kilitoka kitabu chake Naught for Your Comfort, kilichoifanya dunia isikie. Sisi wa kusini tunamjua kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1960 hadi 1968 alikuwa Askofu wa Masasi, na mama yangu alipata kipaimara mikononi mwake. Mama hamkumbuki kama mtu wa upole peke yake. Anasema ukimwambia habari ya uonevu, swali lake la kwanza lilikuwa: nani amefanya?

Na Tutu mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyomwona padre huyu, Mzungu aliyevaa kanzu, akivua kofia kumpa heshima mama yake, mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumishi wa nyumbani. Ningeipata picha hiyo moja ningebadilishana na kurasa nyingi za baiskeli. Katika baiskeli, mtoto anajifunza afanye nini akitukanwa. Katika kofia, mtoto anaona mkubwa mwenye nguvu akifanya jambo ambalo desturi ya nchi haikumtaka alifanye, mbele ya mtu ambaye desturi hiyo ilimhesabu si kitu.

Wala Tutu hakuhubiri msamaha unaoruka ukweli. Alipoongoza Tume ya Ukweli na Upatanisho, aliyetaka msamaha wa kisheria alitakiwa kwanza kuyaeleza matendo yake yote. Hatua hiyo imepotea katika kitabu cha watoto. Huenda ni kwa sababu ya ufupi. Lakini nadhani pia ni kwa sababu sisi wakubwa, tunaonunua vitabu vya watoto, tunapenda uhuru unaofanana na adabu.

Kitabu cha tatu nilikiogopa. Henry's Freedom Box, kilichotoka mwaka 2007, kimeandikwa na Ellen Levine na kuchorwa na Kadir Nelson. Ni kisa cha kweli cha Henry Brown, mtumwa wa kiwanda cha tumbaku huko Richmond, Virginia. Mkewe Nancy na watoto wao watatu waliuzwa. Mwezi Machi 1849 Henry alijifungia ndani ya sanduku la mbao, akasafirishwa kama mzigo hadi Philadelphia, safari ya saa 27, sehemu ya njia akiwa kichwa chini miguu juu. Nilijiuliza kama ni haki kumwonyesha mtoto wa miaka saba baba akitazama gari likiondoka na wanawe.

Nilikisoma hata hivyo. Mwanzoni kuna picha ya Henry mdogo na mama yake, na mama anamwonyesha majani yanayong'olewa mtini na upepo, anamwambia ndivyo watoto wa watumwa wanavyong'olewa kwa wazazi wao. Nelson hakupamba. Mistari yake imekwaruzwa kwa kalamu juu ya rangi zilizotulia, na amesema alivutwa na mchoro wa Samuel Rowse wa mwaka 1850, ambao jina lake linaita kutoka kwa Henry sandukuni "ufufuo". Nilichora sanduku kwa chaki kwenye sakafu ya kanisa: urefu futi 3 hivi, upana futi 2. Nikaonyesha kwa mkono kimo cha futi 2 na nusu. Watoto wakaingia mmoja mmoja, wakajikunja. Hakuna aliyekaa kimya kwa dakika mbili. Hapo hawakuhitaji kuelezwa uhuru ni nini.

Nina malalamiko mawili hata kwa kitabu hiki. Hadithi inaishia kwa furaha ya Henry kupata siku ya kuzaliwa, siku yake ya kwanza ya uhuru, kwa kuwa mtumwa hakujua tarehe yake. Ni mwisho mzuri mno. Watoto waliuliza mara moja, "Na Nancy?" Ilinibidi niwaambie kwamba hakuipata tena familia ile. La pili, katika hadithi hiyo Levine ameiacha zaburi. Henry alipotolewa sandukuni aliimba maneno ya Zaburi ya 40, na kwa kitabu kinachosomwa kanisani pengo hilo linaonekana. Mwalimu anaweza kulijaza. Sisi tuliiimba.

Yule binti alikuwapo. Baada ya kipindi alibaki akikusanya mikeka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Waliomsaidia walikamatwa?" Nilimwambia ukweli: Samuel Smith, Mzungu aliyemsaidia, alijaribu kuwasafirisha wengine mwaka ule ule, akakamatwa na kufungwa miaka kadhaa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata hesabu aliyokuwa akiitafuta. Nilielewa kwamba swali halikuwa la Samuel Smith. Lilikuwa langu.

Sisi tuliotoka Masasi tuna sababu ya kulijua jambo hili. Kijiji cha misheni cha Masasi kilianzishwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Zanzibar watu waliokombolewa utumwani, miaka mitatu tu baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa. Katika Biblia yetu, Wagalatia sura ya 4, mtu asiye mtumwa anaitwa mwungwana. Leo tunamwambia mtoto "uwe muungwana" tukimaanisha atulie, asijibu wakubwa, aseme shikamoo. Neno la mtu huru limegeuka kuwa neno la mtu mtulivu. Sipingi adabu, mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Lakini nimeona jinsi ninavyochagua vitabu kwa maana hii mpya ya neno na kuisahau ile ya zamani.

Kwa hiyo sasa darasani tunaanza na Henry. Desmond anafuata, na kabla ya kukifungua nawasimulia habari ya kofia. Vifungu 30 vinakuja mwisho, na kila mtoto anatafuta kifungu cha Henry na kifungu cha mama yake Desmond. Mpaka sasa hakuna aliyevipekua tena kama vitenge.

Kuhusu binti, nilikwenda nyumbani kwa waajiri wake pamoja na padre na mzee wa kanisa. Tulizungumza habari ya shule, ya mshahara, ya umri, na ya maneno. Mama mwenye nyumba alitusikiliza kwa heshima zote, akatukaribisha chai. Aliyeileta alikuwa yule binti, akapiga goti kila alipoweka kikombe, na hakuniangalia. Wamekubali aanze masomo ya jioni mwezi ujao. Jambo la maneno, mama alisema, ni la ndani ya nyumba. Padre alimjibu kwamba tutarudi, na tumepanga Jumatano baada ya misa ya jioni.