Siku Nzima Garini, Saa Moja Jukwaani

Kwa kijana wa Skärholmen, kusini-magharibi mwa Stockholm, ziara ya muziki huanzia kwenye chumba cha mazoezi. Uswidi ina vyama vya elimu ya wananchi, kama ABF kilichoanzishwa 1912. Bendi ya roki hujiunga kama kikundi cha kujifunza na kupata chumba kwa bei nafuu.

Kisha barabara. Siku nzima garini, saa moja jukwaani, halafu kubeba spika na dramu kwenye baridi. Mgongo wa mpiga besi shabiki hauoni.

Hata mwanamuziki wa Tanzania, Remmy Ongala, aliijua shughuli hii ya barabarani. Mwaka 1988 yeye na Orchestra Super Matimila, wakeshaji wa kumbi za Dar es Salaam, walizunguka Ulaya na tamasha la WOMAD. Mwaka 1989 wakatoa albamu ya Songs for the Poor Man.