Pupa, Woga na Ubishi: Kusoma Tabia ya Mwanafunzi Kwenye Kiungo cha Mbao

Kiungo cha ulimi na tundu ndicho kinachoshikilia stuli, kitanda na fremu ya mlango. Hatua zake ni nne: kupima na kuchora, kuchimba tundu kwa patasi, kukata ulimi kwa msumeno, kisha kujaribisha. Wape wanafunzi watatu mninga uleule, zana zilezile na maelezo yaleyale, na bado viungo vitatofautiana. Ukivikagua vizuri utajua nani alikuwa na tabia gani.

Mwenye pupa huchora kwa penseli butu, na msumeno wake hula mstari wenyewe badala ya kupita upande wa mbao inayotupwa. Ulimi hutoka mwembamba, ukacheza ndani ya tundu, naye humimina gundi akidhani itaziba pengo. Haitaziba, kwa kuwa gundi ya mbao hupata nguvu pale nyuso mbili zinapogusana. Mwoga hukata mbali na mstari kwa nia ya kupunguza baadaye. Hupunguza kidogo huku, kidogo kule, mpaka uso wa ulimi unajaa mabonde. Unaingia kwa kubana, lakini unagusa sehemu chache tu. Mbishi, akiona ulimi haupiti, hachunguzi kinachozuia. Hushika nyundo, na mbao hupasuka kufuata nyuzi zake.

Viungo vyote vitatu ni vibovu, lakini dawa yake si moja. Ukimwambia mwoga apime tena, umemzidishia woga.

Tatizo hili la kufundisha pamoja wanafunzi wa tabia tofauti lina historia. Mwaka 1868, Victor Della-Vos alianzisha katika chuo cha ufundi cha Moscow mfumo wa mazoezi: kazi iligawanywa katika viungo na matumizi ya zana, kuanzia rahisi hadi ngumu, na mwalimu mmoja akalifundisha kundi zima kwa pamoja. Faida yake ni kwamba wote wanafanya zoezi moja, hivyo kosa la mmoja linaonekana likiwekwa kando ya kazi ya mwenzake. Hasara ni mwendo mmoja kwa wote: mwenye pupa anamaliza na kukaa bure, mwoga anaachwa njiani.

Huko Nääs, Sweden, katika miaka ya 1870, Otto Salomon alishika njia nyingine. Kila mwanafunzi alitengeneza vifaa vya kutumika nyumbani, kimoja baada ya kingine kwa mpangilio wa ugumu, kwa mwendo wake mwenyewe, akianza na kisu. Hapo pupa inamgharimu mwenyewe, maana kazi mbovu haimfikishi kwenye kifaa kinachofuata. Mwoga naye hana wa kushindana naye. Lakini mfumo huu unamtaka mwalimu apite benchi kwa benchi, jambo gumu kwenye karakana yenye wanafunzi wengi.

Kwa karakana ya namna hiyo, ningechanganya: maonyesho ya pamoja kama Moscow, masahihisho ya mmoja mmoja kama Nääs. Wote wafanye kiungo kilekile, ila kila mmoja awekewe sharti lake. Mwenye pupa achore kwa kisu na skwea, kwa sababu mkato wa kisu huupa msumeno ukingo wa kufuata; kisha atie alama ya X upande unaotupwa kabla ya kukata. Mwoga apewe vipande vya paini visivyo na kazi, akate ulimi baada ya ulimi kwa msumeno pekee, patasi ikiwa imefungiwa kabatini. Asiporuhusiwa kurekebisha, atalazimika kuuamini mkono wake. Mbishi anyang'anywe nyundo. Apake ulimi penseli, ausukume kwa mkono, autoe. Pale penseli ilipofutika ndipo panapobana, na hapo tu ndipo pa kupunguza.

Masharti haya hayafai kitu ikiwa mwalimu anasubiri stuli iishe ndipo atoe alama. Gundi ikishakauka na msasa ukishapita, kiungo kilicholegea na kilichokaza vinafanana kwa nje, na stuli ya pupa inaweza kupata alama sawa na stuli ya makini. Ukaguzi wa kweli ufanyike kiungo kikiwa kikavu, kabla ya gundi, mwanafunzi akikivuta mwenyewe na kueleza kwa nini kimetoka hivyo.