Heko kwa Wanafunzi Wanaopima Anga
Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kipete kusini mwa Tanzania, na Rujewa, mkoani Mbeya, ikajaa watazamaji. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, aliyetumia miaka mingi kuwafundisha Watanzania kusoma anga, anastahili heko. Heko kubwa zaidi nawapa wanafunzi wanaojitengenezea vifaa vya kupima anga.

Hapa Ilembo, Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, utafiti wa kweli unahitaji mti ulionyooka, timazi na futi. Tuko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini na kivuli cha mti hutoweka. Karibu na Machi 21, usiku na mchana vinapolingana, pembe ambayo jua la adhuhuri limeinama kutoka utosini ndiyo latitudo ya shule. Anayeipima mwenyewe na kuandika kosa la kipimo chake amefanya sayansi kamili.

Walimu wa Katavi, zipelekeni kazi hizi kwenye maonesho ya Young Scientists Tanzania, mpango ulioanzishwa 2011 kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari.