Fundi Aliyeanza na Paa

Mpanda ni mji uliokuzwa na mwamba. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa huku kwa ajili ya madini ya risasi, na hadi leo vijana wanashuka kwenye maduara, mashimo ya machimbo, kutafuta dhahabu. Sisi wa kata ya Kawajense hapa mjini tunaijua sauti ya nyundo inapogonga moko, patasi ya mchimbaji, na tunaujua uso wa mtu anayetoka chini jioni, kope zimejaa vumbi. Ndiyo maana nikiwaza makanisa ya Lalibela, nawaza kwanza mikono.

Lalibela iko kaskazini mwa Ethiopia, katika milima ya Lasta, kiasi cha mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Makanisa yake 11 ya Kiorthodoksi yamechongwa ndani ya mwamba, na mapokeo huyahusisha na mfalme Lalibela, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Katikati ya makundi mawili makubwa ya makanisa hayo unapita mkondo wanaouita Yordani.

Mwashi wetu huanza na msingi. Tofali likikaa vibaya, hulitoa akalipanga upya. Fundi wa Lalibela alianza na paa. Alisimama juu ya mwamba mzima, akachimba handaki kuuzunguka hadi likabaki bonge la jiwe, kisha akalichonga huku akishuka: paa, madirisha, milango, kizingiti. Nguzo za ndani hakuzisimamisha. Aliondoa kila kisichokuwa nguzo. Na jiwe likishabanduka halirudi. Kanisa la Mtakatifu George, lenye umbo la msalaba, limeshuka kiasi cha mita 12. Aliyechonga pembe yake ya kwanza alikuwa tayari anauona mlango uliokuwa bado umezikwa chini ya miguu yake.

Wenyeji husimulia kwamba usiku malaika walishika zamu ya kuchonga. Naipokea simulizi hiyo kwa heshima, lakini moyo wangu uko kwa wale wa mchana.

Mvua inaula mwamba ule, na mwaka 2008 baadhi ya makanisa yalijengewa vifuniko. Hata hivyo makasisi bado wanasali humo, na kila Krismasi yao, tarehe 7 Januari, mahujaji wenye mashuka meupe hujaa ukingoni mwa mahandaki.

Nawe ukipita kwenye machimbo yetu ukasikia moko ikilia chini, simama umsalimie fundi.