Nyumba ya Brazzaville na Shule ya Gando

Watu wengi hudhani kwamba ubunifu wa nyumba na wa vyombo vya nyumba ni mchezo wa matajiri. Twaona magazetini picha za viti vya ajabu na nyumba zenye maumbo mageni, twafunua ukurasa, twasema: haya si yetu. Lakini kila mtu huketi, na kila mtu hulala chini ya paa. Basi kila mtu ana haki ya kuuliza: ubunifu huu wafaa nini, na wamfaa nani? Leo tumechagua majengo mawili yaliyosifiwa sana ulimwenguni, yote mawili yamejengwa Afrika, ili tuyapime kwa ulizo hilo.

Tuanze na kiti, kwa maana yeye aliyebuni jengo la kwanza alijulikana pia kwa viti vyake. Jean Prouvé, Mfaransa wa mji wa Nancy, alizaliwa mwaka 1901, akafa mwaka 1984. Ufundi wake wa kwanza ulikuwa uhunzi. Mwaka 1934 alitoa kiti cha chuma na mbao ambacho hata leo chatafutwa kwa feza nyingi. Tazama miguu yake. Ya mbele ni bomba jembamba tu. Ya nyuma ni minene, imekunjwa kwa bati la chuma, nayo ina uwazi ndani. Kwa nini? Kwa sababu mtu akiketi, uzito wa mwili wake huelemea nyuma. Kila mzazi aliyemkataza mtoto kubembea kitini ajua ni miguu gani huvunjika kwanza. Prouvé alitia nguvu mahali penye mzigo, akaipunguza mahali pasipo mzigo. Hakuna pambo lolote, na hata hivyo kiti chapendeza. Hiyo ndiyo akili ya fundi wa kweli.

Yeye aliona kwamba kiti na nyumba hufuata kanuni moja. Baada ya vita kuu ya pili, Ufaransa ilikuwa na upungufu wa nyumba katika makoloni yake ya Afrika. Prouvé, katika karakana yake ya Maxéville karibu na Nancy, akabuni nyumba ya chuma na alumini. Vipande vyake vyote vilitengenezwa kule, vyepesi, vya kupakiwa katika ndege na kuunganishwa huku. Ya kwanza iliwekwa Niamey mwaka 1949. Mbili nyingine zikawekwa Brazzaville mwaka 1951.

Tuseme kweli: nyumba hizo zilikuwa na akili nyingi. Zilizungukwa na baraza, na kwenye baraza palikuwa na mbao za alumini za kugeuzwa ili kuzuia jua. Paa lilikuwa na tabaka mbili, na hewa ya moto ilipata njia ya kutokea juu. Kuta za ndani zilisogezwa kama milango, nazo zilitobolewa madirisha madogo ya mviringo yenye kioo cha buluu. Aliyezibuni alikuwa amefikiri sana juu ya joto letu.

Lakini zilibaki tatu tu. Nyingine hazikujengwa. Gharama yake ilipita ile ya nyumba zilizojengwa palepale, na wakubwa wa makoloni hawakupenda sura yake ya kiwanda. Sisi twaongeza sababu yetu: nyumba hizo zilileta kila kitu isipokuwa maarifa ya kuzitengeneza. Fundi wa Poto-Poto, hata kama angeajiriwa kufunga skurubu zake zote, asingeweza kujenga ya nne. Kipande kikivunjika, shurti kingojewe kutoka Ufaransa.

Na mwisho wake? Yapata miaka hamsini baadaye, mfanyabiashara Mfaransa wa vyombo vya zamani alizinunua, zikafunguliwa vipande, zikarudishwa Ufaransa. Mwezi wa Juni mwaka 2007, moja ya zile za Brazzaville iliuzwa New York katika mnada wa Christie's, kwa dola karibu milioni 5. Mwaka 2008 ilisimamishwa London, mbele ya jumba la sanaa la Tate Modern, ili watu waitazame. Msanii Ângela Ferreira, mzaliwa wa Msumbiji, alikwenda Niamey na Brazzaville kupiga picha za mahali zilipoondolewa, akazionyesha Venice mwaka ule wa 2007. Nyumba iliyobuniwa kwa ajili ya jua letu sasa ni pambo katika nchi za baridi, na kwetu umebaki msingi mtupu. Wepesi wake, uliosifiwa kuwa ndio uzuri wake, ndio uliorahisisha kuichukua.

Sasa twende Gando, kijiji cha Burkina Faso. Huko alizaliwa Diébédo Francis Kéré mwaka 1965. Kijiji hakikuwa na shule, na mtoto huyo alipelekwa mjini kusoma katika chumba cha joto na giza. Alipokua alipata nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza useremala. Mchana alifundishwa kutengeneza mapaa na vyombo vya nyumba, usiku alisoma masomo ya sekondari. Baadaye akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin. Kabla hajamaliza masomo yake alitafuta feza kwa marafiki, akarudi kuwajengea watu wake shule.

Aliposema atajenga kwa udongo, wanakijiji walishangaa. Wao walijua udongo ni nini: mvua moja kubwa, na ukuta waanguka. Wangetoaje shukrani kwa kijana aliyesoma Ulaya akaleta matope? Tusiwacheke, nasi tungesema vilevile. Kwetu pia mwenye nyumba ya matofali mabichi huona haya mbele ya jirani mwenye simenti.

Kéré hakuwabishia kwa maneno. Alichanganya udongo na simenti kidogo, ukashindiliwa katika mashine ya mkono kuwa matofali magumu. Dari nayo ni ya matofali, yamepangwa yakiacha nafasi za kupitisha hewa. Juu yake, mbali kidogo, lipo paa la bati lililotokeza nje sana ili mvua isipige kuta. Paa hilo labebwa na vyuma vyembamba vya zege, vilivyokatwa kwa msumeno wa mkono na kuungwa kwa mashine ndogo. Watoto walibeba mawe ya msingi, akina mama walileta maji. Shule ilimalizika mwaka 2001. Mwaka 2004 ilipewa tuzo ya Aga Khan, na mwaka 2022 Kéré alipata tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Msomaji mwangalifu ameona jambo: paa la Gando na paa la Brazzaville lina wazo lile lile, yaani kuiacha hewa ipite kati ya tabaka mbili. Basi Prouvé hakukosa akili, wala Kéré hakumshinda kwa akili. Wala tusidanganyane kwamba udongo peke yake ni mtakatifu. Bati la Gando lilinunuliwa, simenti vilevile, na feza nyingine ilitoka Ujerumani. Udongo usiolindwa huanguka hata leo. Tofauti ni hii: Gando, kazi ilipokwisha, maarifa yalibaki mikononi mwa wenyeji. Vijana waliofundishwa pale walijenga majengo mengine ya shule, na wengine waliitwa kazini mahali pengine.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Kiti cha Prouvé ni kizuri kabisa. Nyumba yake ni wazo zuri lililokosa mwenyeji. Shule ya Kéré ni wazo zuri lililompata. Siku fundi atakapokuja kijijini kwako na michoro mipya, usimwulize kwanza kama jengo lake litapendeza. Mwulize: likiharibika nani atalitengeneza, na wewe ukiondoka nani ataweza kujenga la pili?